Mume wa Jumanne

Nyandwi alikuja kliniki na mke Jumanne moja, na Jumanne iliyofuata akaja na mke mwingine. Alipokuja na wa tatu nilimshika mkono wa koti, nikampeleka nyuma ya tangi la maji, nikamuuliza ana wake wangapi na anawalaza wapi.

"Sista, hawa si wake zangu," akasema. "Ni wake za watu. Mimi nawasindikiza tu."

"Unawasindikiza mpaka kwenye kipimo cha damu?"

Akaitazama ncha ya kidole chake, ambayo haikuwa ikipona kabla ya Jumanne ya kutobolewa tena. "Si mnasema mwanamume razima atobolewe?"

Nilitaka kumfokea, nikajikuta nacheka. Mimi nina hasira za karibu, hilo kila mtu hapa kilimani analijua, lakini zinanishinda mbele ya mtu anayejibu ukweli bila kuupamba. Nikamwambia arudi ndani akakae na mke wake, kabla watu hawajaanza kuuliza mume kaitwa nyuma ya tangi kufanya nini.

Zahanati yetu iko juu ya mgongo wa kilima, wilaya ya Ngara, upande ule ambao ukitupa macho magharibi unaona moshi wa majiko ya Burundi. Tuko wauguzi wawili, mimi Marsiana na mwenzangu Clever, aliyeletwa akiwa ametoka chuoni juzijuzi. Mlangoni nililikuta tangazo, limebandikwa na waliotutangulia: mjamzito anayeanza kliniki aje na mume wake wapimwe pamoja, na asiye na mume alete karatasi ya mwenyekiti wa kitongoji. Nililibandua mara moja. Msimamizi alipopita akauliza liko wapi, likarudi.

Nia yake ilikuwa njema, sikatai. Tatizo ni kwamba waume wa kilima hiki hawakai kilimani. Wengine wako machimboni upande wa Biharamulo, wengine wanashinda Kabanga mpakani na mizigo yao, na wengine wakisikia mimba wanapotea kabisa. Karatasi ya mwenyekiti nayo ina mlango wake mgumu. Familia nyingi hapa asili yao ni ng'ambo, wamelima hapa miaka na miaka, lakini mwanamke akienda kuomba karatasi ataulizwa kwanza uraia wake, baba yake alivukia wapi, na kwa nini hajui tarehe. Basi wakawa wanakaa nyumbani na mimba zao. Tulikuwa tunawaona siku mambo yakishaharibika, wamebebwa kwa machela, na wengine hatukuwaona tena.

Ndipo wanawake wenyewe wakapata dawa yao. Wakamwazima Nyandwi.

Alikuwa fundi baiskeli wa njia panda, mtu wa kama miaka arobaini, mwembamba, mwenye koti la kijivu alilolivaa Jumanne tu. Alivuka mto toka Burundi akiwa mtoto mdogo, mwaka ule wa vita, ameshika upindo wa nguo ya mwanamke ambaye hakuwa mama yake. Yule mwanamke naye alikufa katika kambi ya wakimbizi. Tangu hapo Nyandwi hakuwa na mtu. Alikuwa na jina, kazi, kibanda, na wateja, lakini mtu wa kwake hakuwa naye.

Hakuoa, na si kwamba hakutaka. Kwetu huku mtu hajiposei. Lazima wazee wa ukoo wako wakae na wazee wa ukoo wa binti, rubisi, pombe ya ndizi, iwe katikati, mmoja afungue mdomo aseme, "Tumekuja kuomba." Nyandwi aliwahi kwenda mwenyewe, na rubisi yake, kwenye nyumba moja kule Nyamiaga. Walimkaribisha vizuri, wakamketisha, wakamuuliza, "Umekuja na nani?" Akasema amekuja peke yake. Wakamwambia basi asubiri wenzake wafike. Alisubiri mpaka akaelewa.

Kwa hiyo niliielewa ile Jumanne yake. Ni siku moja tu ambayo mtu alimwambia, "Baba, sogea hapa, kaa karibu na mama." Nilikuwa namtazama akisogeza kiti. Alikisogeza taratibu, akakaa wima, akaweka mikono magotini, na kila nilichomweleza mwanamke alikiitikia kwa kichwa kwa niaba ya ukoo mzima. Kulikuwa na waume wa kweli kwenye benchi lile lile waliokuwa wanasinzia.

Nikafumba jicho. Kwenye kadi nilimwandika msindikizaji, sikumwandika mume, na majibu ya kipimo nilimpa kila mtu yake faraghani. Mwanamke alipata chandarua, alipimwa presha, alipimwa damu, na mimba ikawa na mtu anayeifuatilia. Asiyependa na aje kilimani atafute njia nyingine. Mimi nimezika wajawazito wa kutosha.

Na niseme la kwangu pia, maana nalo limo. Mume wangu nilimzika Biharamulo, kwetu. Watoto wako Mwanza na simu zao. Naishi nyumba ya muuguzi nyuma ya zahanati, na ukinihesabia wanaonisalimia kwa siku utadhani nina watu. Lakini muuguzi wa kijijini anajua mno. Najua nani alitibiwa kaswende, nani alimpoteza mtoto na kwa nini, mzee yupi anayehubiri kanisani na anameza nini jioni. Nikikaribia penye pombe, mazungumzo yanashuka. Hawanichukii, wananiheshimu, na heshima ile ina baridi kali. Wote wananijia wakiumwa. Nyandwi peke yake ndiye aliyenijia akiwa mzima.

Alikuwa akija alasiri, kliniki ikishaisha, na pampu yake mkononi, kukagua baiskeli yangu. Baiskeli ile haikuwa na pancha. Haikupata nafasi ya kuwa na pancha. Akishaikagua alikaa kwenye ngazi, nami nikaleta chai, tukazungumza habari za mvua, za bei za Kabanga, za mbuzi wa mwenyekiti. Hatukusema jambo lolote la maana, na nilikuwa naisubiri saa ile toka asubuhi.

Joyness alikuja siku ambayo mimi sikuwepo. Niliitwa semina Ngara mjini, Clever akabaki na kliniki peke yake. Nyandwi akaingia na koti lake na mwanamke kijana mwenye mimba changa. Clever, masikini, alifanya kama alivyofundishwa: akawapima wote wawili, akawaketisha pamoja, akawasomea majibu pamoja. Baba hana virusi. Mama anavyo.

Niliporudi jioni nilimkuta Nyandwi kwenye ngazi. Pampu hakuwa nayo.

"Sista," akasema, "leo nimepewa kitu ambacho si changu."

Nikaelewa hapo hapo. Nilikwenda kwa Clever nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, ingawa kosa halikuwa lake hata kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki. Tena alikuwa amemaliza kazi vizuri kabisa, kwa mujibu wa mafunzo: alimkabidhi mume jukumu. "Baba, wewe ndiye utakayemkumbusha mama dawa kila jioni, asikose hata siku moja. Mama akimeza vizuri, mtoto atazaliwa salama."

"Nawe ukamjibu nini?" nilimuuliza Nyandwi.

"Nikasema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Kesho yake nilimwita Joyness. Mumewe, Wiston, alikuwa machimboni Biharamulo, simu yake inapatikana mara moja moja. Joyness alikaa ukingoni mwa kiti akanisalimia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka akachoka. Nikamweleza kwamba Nyandwi si ndugu yake, kwamba ana haki ya kumkatalia, na kwamba akitaka naweza kumfunga mdomo kwa namna ninazozijua mimi.

"Sista, mama mkwe tumetenganishwa na ukuta mmoja," akasema. "Mama yangu yuko Rulenge. Wiston sijui nitamwambiaje, nikimwambia kwenye simu hatarudi. Huyu mzee amekwisha kujua, na kijiji hakijajua. Kwa hiyo ananyamaza. Mwache aendelee."

"Aendelee kufanya nini?"

"Kunikumbusha. Mimi nasahau, na nikikumbuka naogopa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila jioni, jua likishaangukia milima ya Burundi, Nyandwi alifunga boksi lake la vifaa, akapanda baiskeli, akapandisha mlima kwenda kwa kina Joyness. Kibanda chake kilikuwa upande wa pili kabisa, bondeni. Alipofika usawa wa nyumba alipiga kengele mara mbili, hakusimama, hakugeuza shingo, akazunguka kwenye migomba ya jirani na kushuka tena. Joyness alikuwa anainuka jikoni, anakwenda kwenye chungu cha maharage ya mbegu ambamo alificha vidonge, anameza. Mama mkwe alisema yule fundi ana wazimu wa kengele.

Mvua ilimkuta njiani mara nyingi. Niliwahi kumwambia siku ya mvua apumzike, mwanamke si mtoto, atakumbuka. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, "Nikikosa siku moja, harafu mutoto akapata, nitamwambia nini?" Mtoto mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa, na tayari alikuwa na mtu wa kumwomba radhi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili, na nililisema mbele yao wote wawili ili kusiwe na fumbo. Mama akimeza dawa kila siku, virusi vinafubaa, na mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa bila kuwa navyo. Akizaliwa atapewa dawa ya maji, atanyonya maziwa ya mama yake, na mama ataendelea kumeza. Tutampima mapema na tutampima tena. Lakini jibu la mwisho, lile ambalo baada yake hakuna jingine, linakuja mtoto akishaachishwa ziwa. Nyandwi alisikiliza akitikisa kichwa. Jibu la mwisho. Aliliweka moyoni mwake kama watu wengine wanavyoweka siku ya harusi.

Mtoto alizaliwa hapa hapa zahanati, wa kike, Anjelika. Kipimo cha kwanza kikawa safi, cha pili kikawa safi. Kuna Jumanne moja Joyness alikuwa anapanda mzani, akamkabidhi Nyandwi mtoto amshikie. Akamshika mikono imenyooka, kwa woga wa mtu aliyeazima sahani ya jirani. Mtoto akavuta kifungo cha koti mpaka kikakatika. Nyandwi hakukishona tena kifungo kile. Nilipomtania kwamba mume wa watu anapaswa kuwa nadhifu, alisema anajua kilipokwenda, hakijapotea.

Wiston alirudi Anjelika akiwa anatambaa. Hakutoa taarifa, alishuka tu kwenye gari njia panda na begi lake, akapita kilabuni kabla ya kufika nyumbani, na kilabuni wakamhudumia habari kabla ya pombe. Kwamba mkewe alipata mume wa kliniki. Kwamba mume huyo hupita kila jioni na kengele.

Alirudi njia panda mbio. Watu walinisimulia, mimi nilifika baadaye na plasta. Alilipindua boksi la vifaa mtaroni, akamkaba Nyandwi shingo.

"Wewe ulikuwa mume wa mke wangu?"

"Jumanne tu," Nyandwi akasema.

Alisema kweli, kwa heshima zote, na ndiyo iliyomponza. Njia panda nzima ilicheka. Wiston akampiga, na waliokuwa wanacheka wakaendelea kucheka. Toka siku ile jina likawa Mume wa Jumanne. Watoto walimwimbia. Wanaume wakawakataza wake zao kumwazima, na benchi la kliniki likapungua tena watu, jambo ambalo lilinitia uchungu mpaka nikalibandua lile tangazo mara ya pili na kulichoma kabisa jikoni kwangu. Safari hii msimamizi alipouliza nikamwambia limeliwa na mchwa. Wateja wa baiskeli nao wakaanza kusukuma pancha zao mpaka Kabanga, mwendo wote ule, ili tu wasionekane wamesimama kwake.

Kesho yake Wiston akaja kwangu, Joyness nyuma yake na mtoto mgongoni. Alitaka nimwambie ni zahanati gani inagawa wanaume. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa lugha anayostahili, lakini Joyness alinizuia kwa mkono. Alimshusha mtoto, akakaa, akamwambia mumewe kila kitu: kipimo, vidonge, chungu cha maharage, kengele. Alisema bila kuinua macho na bila kusimama katikati. Sijawahi kuona mtu ana ujasiri vile chumbani mwangu.

Nikamuuliza Wiston kama anataka kupimwa. Akatoa kidole. Naye alikuwa navyo.

Alikaa akitazama ukuta wenye picha ya mama anayenyonyesha. Mwisho akauliza, "Yule fundi anajua?"

"Anajua," Joyness akasema.

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza."

Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mtu wa njia panda alijua ya nyumbani kwake wakati yeye mwenye nyumba hajui. Akanigeukia. "Daktari, hayo aliyoyajua yamekwisha kujulikana. Lakini kuanzia leo asiambiwe tena neno la mke wangu wala la mwanangu. Apite njia nyingine. Habari ya mtoto wangu nisiisikie kwake."

Nilimwahidi. Sikuwa na namna nyingine, na haikuwa hisani. Siri ni ya mgonjwa na wazazi wa mtoto, nimekula kiapo, na kazi hii ukitoa siri moja umetoa zote.

Wala Wiston si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Machimbo aliyaacha. Alianza dawa, na wakawa wanameza pamoja, yeye na mkewe, redio inapoanza taarifa ya habari. Nyumba ile ilipata mkumbushaji wake. Kengele haikuhitajika tena.

Nyandwi alitii. Hakupita tena kule juu. Lakini jioni zikawa zimemwangukia mikononi, hajui azifanyie nini. Nilikuwa namwona toka kwangu, amekaa juu ya boksi, jua limezama, amekwisha kufunga, na haendi kokote. Alasiri bado alikuja na pampu. Mara ya kwanza aliniuliza, akiwa ameinama kwenye gurudumu ili nisimwone uso, "Anameza?"

"Nyandwi, usiniulize."

"Na mutoto?"

"Usiniulize, nakwambia."

Hakuuliza tena. Tukarudi kwenye mvua na mbuzi wa mwenyekiti, lakini mazungumzo yalikuwa na shimo katikati na wote tulikuwa tunalizunguka. Nilikuwa najua kila kitu alichotaka kujua. Nilikuwa nammiminia chai na najua. Hapo ndipo nilipouona upweke wa kazi yangu vizuri zaidi kuliko miaka yote: mtu mmoja tu kilimani alikuwa haogopi ninachokijua, na sasa kilikuwa kimekaa hata kati yangu naye.

Wakati huo fundi mmoja wa Benaco, kwenye kituo cha malori, alimtumia salamu. Anahitaji mtu wa kuziba matairi, kazi haiishi, na Benaco watu ni wapita njia, hakuna anayejua jina la utani la mtu. Mtu mwenye akili angeondoka siku ile ile. Nyandwi alijibu asubiriwe kidogo. Yule fundi akamtumia tena. Akajibu hivyo hivyo.

"Unasubiri nini?" nilimuuliza, na mara nikajua, nikatamani nisingeuliza.

"Kuna jibu nasubiri," akasema.

Anjelika aliachishwa ziwa. Wakati wake ulipotimia tukampima, na ilikuwa Jumanne. Wazazi wote wawili walikuja, Wiston amembeba mtoto mabegani, Joyness amevaa kitenge cha kwendea kanisani. Clever alipima, mimi nikatazama, tukatazama tena kwa pamoja, kisha nikafunga mlango na kuwaambia. Mtoto hana. Ni jibu la mwisho. Hana, na hakupata kuwa navyo.

Joyness alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, hakujali benchi lililokuwa nje. Wiston alitoka akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, amegeukia shamba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akanishika mkono, akaondoka na watu wake kwa njia ya juu. Hawakupitia njia panda.

Kliniki ikaendelea. Wanawake wakaingia na kutoka, wengine na wanaume, wengine peke yao. Nilipofungua mlango kumwita wa mwisho, nilimkuta Nyandwi. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, amevaa koti la kijivu. Pembeni yake hapakuwa na mwanamke. Sikuwahi kumwona amekaa pale peke yake.

Akaingia, akatazama viti viwili, akakaa kwenye kile cha mgonjwa.

"Sista, nimewaona wakipanda asubuhi," akasema. "Na nimewaona wakirudi kwa njia ya juu, kwa mbali. Sikuona nyuso."

"Nyandwi."

"Sikuulizi habari ya mutoto. Najua umeapa, na yule baba amekataza, na ni haki yake. Ukiniambia utakuwa umeiba." Aliweka mikono magotini, kama alivyokuwa akiiweka zamani. "Nakuja kuuliza habari yangu mimi. Hiyo si siri ya mtu."

"Uliza."

"Wa Benaco ameniambia leo ni mwisho. Kuna gari linashuka jioni. Sasa, mutoto akiwa mgonjwa atahitaji dawa zake kwa saa zake, maisha yake yote, na baba ni mutu wa machimbo, machimbo yatamwita tena. Siku hiyo watahitaji mutu wa kupita pale. Hata wakinicheka, hata wakinipiga, nitakuwepo. Lakini kama hakuna wa kukumbushwa, mimi hapa sina kazi. Basi niambie wewe, maana unanijua. Nibaki au niende?"

Nilimtazama mtu huyu, na naapa kwamba kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa mtoto wala kiapo. Kilikuwa neno moja, baki. Lilinijia mdomoni lenyewe, limekamilika. Ningelisema, angebaki. Asingeuliza kwa nini. Angekubali kwamba mtoto ni mgonjwa, angelia kidogo, kisha angekuja kesho alasiri na kesho kutwa, tungezeeka pale kwenye ngazi, yeye akimlinda mtoto mzima dhidi ya ugonjwa asio nao. Lingekuwa neno dogo kuliko yote niliyowahi kuyasema chumbani mle. Na nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba hatakuja mwingine.

"Nenda," nikasema.

Hakusogea. "Niende?"

"Nenda Benaco, Nyandwi. Huna kazi hapa."

"Sina kazi kabisa, au..."

"Kabisa. Wala usirudi kuangalia. Hakuna wa kukumbushwa."

Lilimwingia polepole. Nililiona likianzia machoni, likashuka, mdomo ukafunguka, na akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha kijana kabisa, huku machozi yakimtiririka hadi kwenye kola ya koti. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Alisema maneno kwa Kirundi, ya kumshukuru Mungu, nadhani, na kama kulikuwa na ya kunishukuru mimi sikuyasikia. Nami nilikuwa nalia na kucheka, namwambia toka basi, toka, gari litakuacha, mwanamume gani unasimama tu.

Akatoka mbio. Kupitia dirishani nilimwona akishuka njia ya bondeni kwenda kufungasha vitu vyake, koti linampepea, anasalimia kila anayekutana naye, hata wale waliokuwa wanamwimbia. Furaha ilimzidi hata akasahau kuniaga, na mimi sikumwita arudi.